Benson Masya: Bondia wa Kitui aliyegeuka bingwa wa dunia

Ukitaja riadha nchini Kenya, akili ya kila mtu inapanda matatu ya kwenda Eldoret. Iten, Kapsabet, Nandi, basi, hadithi imeisha. Ukimwambia mtu kwamba bingwa wa kwanza kabisa wa Nusu Marathoni ya Dunia alitoka Kitui, anakutazama kama umemuuzia ndengu zenye mawe. Lakini ndivyo ilivyo, na hakuna wa kuifuta. Jamaa aliitwa Benson Masya. Alizaliwa tarehe 14 Mei 1970, akafariki tarehe 24 Septemba 2003. Hesabu mwenyewe: miaka 33.

Mimi ni wa Makueni, ng'ambo ya mto Athi, na wewe kama ni wa huko unajua vile sisi na watu wa Kitui tunavyotaniana. Wao wanatuambia hatuna kitu ila maembe, sisi tunawaambia wamekalia mchanga. Lakini kwa Masya hakuna utani. Huyu tunamgawana. Na ninaandika kumhusu hapa kwenye kurasa za vijana kwa sababu nikiwauliza wasee wa rika langu, hata wale wanaoweza kukutajia kila mchezaji wa akiba wa Arsenal, jina hilo halimkumbushi mtu yeyote kitu chochote. Picha zake mtandaoni ni za kuhesabu. Alikimbia kabla ya simu kuwa na kamera, kabla hata ya simu zenyewe, na mtu wa namna hiyo akisahaulika anasahaulika kabisa.

Kitui ya utoto wake haikuwa kaunti, ilikuwa wilaya kubwa yenye jua, na Mwingi ilikuwa bado ndani yake. Makueni nayo ilikuwa sehemu ya Machakos mpaka ilipokatwa kuwa wilaya mwaka wa 1992. (Uweke huo mwaka akilini, tutaurudia kwa sababu nyingine.) Mji wa Kitui uko mita 1,100 na kitu hivi juu ya usawa wa bahari. Iten iko kama mita 2,400. Kwa hivyo ile nadharia ya hewa nyembamba ya milimani, ambayo wazungu huiandikia vitabu kila mwaka, kwa Mkitui inaanza kuyumba mapema. Na ile nyingine ya mtoto aliyekimbia kilomita kumi kwenda shule asubuhi na jioni, mimi siiamini sana. Sote tulikwenda shule kwa miguu, na wengi wetu leo hatuwezi hata kukimbilia basi pale Machakos Country Bus.

Kilichokuwepo kweli kilikuwa njaa. Mwaka wa 1984, Masya akiwa na miaka 14, ukame uliikausha Ukambani kiasi kwamba mtu alikuwa na hela mfukoni na hana pa kununua unga. Wakamba hupatia kila njaa jina lake, na ile waliiita Nikw'a Ngwete: nakufa huku nimeshika, yaani nimeshika pesa mkononi. Kijana aliyekulia wakati huo hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba shamba peke yake halitamlea. Alitazama barabara.

Na Mkamba kutazama barabara si jambo la jana. Karne ya 19, kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilikuwa ikibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Mombasa na kurudi na nguo na shanga. Mzee Kivoi wa Kitui alikuwa ndiye mkubwa wao. Ni katika safari ya kumtembelea Kivoi mwaka wa 1849 ndipo yule mmishonari Mjerumani, Krapf, aliuona Mlima Kenya kwa mbali, akaenda kuwaambia watu Ulaya na wakamcheka. Sisemi kwamba miguu ya Kivoi ilirithiwa na Masya, hiyo ni hadithi ya kunogesha soga tu. Ninachosema ni kwamba kwetu kwenda mbali kutafuta ni kazi kama kazi nyingine. Babu zetu walienda jeshini, polisi, reli, Posta. Hizo ndizo zilikuwa Eldoret zetu.

Masya mwanzo hakuwa mkimbiaji hata kidogo. Alikuwa bondia. Hapa lazima uelewe ndondi zilikuwa nini Kenya ya miaka ya themanini. Leo tukisikia ndondi tunafikiria Conjestina na matatizo ya chama. Wakati ule timu ya taifa iliogopwa bara zima, na mwaka wa 1988 kule Seoul, Robert Wangila akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya ndondi kwenye Olimpiki. Kila mtaa ulikuwa na ukumbi wenye mfuko wa mchanga unaoning'inia. Kijana mwenye mwili mwepesi na bila ya karatasi nzuri za shule alikuwa na njia mbili tatu za kupata kazi ya mshahara, na mojawapo ilikuwa ngumi zake.

Kwa sababu mashirika yaliajiri wanamichezo. Polisi walikuwa na timu, Magereza walikuwa na timu, jeshi, Kenya Breweries, na Posta pia. Posta ya wakati huo haikuwa ile ofisi unayopita ukienda kuchukua kifurushi. Ilikuwa Shirika la Posta na Simu la Kenya, dude kubwa lililomiliki barua zako, simu yako ya mezani, kibanda cha simu cha sarafu na foleni iliyokuwa mbele yake. Lilikuja kupasuliwa mwaka wa 1999, likazaa Posta, Telkom na tume ya mawasiliano. Masya alikuwa mfanyakazi wa shirika hilo. Ukiwa mwanamichezo wa shirika, mwisho wa mwezi mshahara uko, na asubuhi unaachwa ufanye mazoezi. Kwa mtu kama mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili na nikaanza kutafuta kibarua kimoja baada ya kingine, mpango huo unasikika kama ndoto. Mashirika yalipoanza kupunguza wafanyakazi miaka ya tisini, mlango huo ulianza kufungwa, na sijaona mwingine uliofunguliwa mahali pake.

Bondia yeyote atakuambia kwamba nusu ya ndondi ni mbio. Unaamka kumi na moja alfajiri, unakimbia kilomita zako ndipo uguse glavu. Masya aligundua kwamba ile nusu ndiyo iliyokuwa kipaji chake. Akaacha ulingo, akashika barabara. Na aliposhika barabara hakupanda ngazi pole pole kama wengine. Alitokea tu.

Septemba 1991, Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Kuna mbio huko zinaitwa Great North Run, zilianzishwa mwaka wa 1981 na Brendan Foster, Mwingereza aliyekuwa na shaba ya mita 10,000 ya Olimpiki ya 1976. Mnaanzia Newcastle, mnavuka daraja la mto Tyne, mnapita Gateshead, mnamalizia South Shields ambako bahari inawapulizia baridi usoni. Ni kilomita 21 na kipande. Watu wa Ukambani walikuwa wameshapajua: mwaka wa 1986 Mike Musyoki, yule wa shaba ya mita 10,000 ya Los Angeles, alishinda hapo kwa saa 1:00:43, na wakati huo hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia nusu marathoni kwa kasi kama ile. Sasa miaka mitano baadaye anakuja kijana wa miaka 21 ambaye hakuna anayemjua. Anashinda, saa 1:01:28.

Miezi mitatu baadaye yuko Honolulu, Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, na mara hii ni marathoni nzima. Honolulu ni mbio za ajabu kidogo. Zinaanza saa kumi na moja alfajiri kukiwa bado giza, fataki zinapasuka angani, maelfu ya Wajapani wamekuja na familia zao, na hakuna anayefukuzwa barabarani hata akimaliza jioni. Mbele ya sherehe hiyo yote kuna kikundi kidogo cha watu walio kazini. Unyevu wa hewa unakukaba, upepo unakusukuma, na karibu na mwisho unapanda kilima cha Diamond Head ambacho kimevunja miguu ya mabingwa. Ndiyo maana muda wa Honolulu haufanani na wa Berlin. Masya alishinda kwa saa 2:18:24. Ukiuona huo muda leo utasema hata jirani yako angeweza. Mpeleke jirani yako.

Sasa tuje kwa mwaka wa 1992.

Shirikisho la riadha duniani, IAAF, liliamua kuanzisha ubingwa wa dunia wa nusu marathoni, na mara ya kwanza likaupeleka Newcastle, kwenye njia ile ile ya Great North Run. Tarehe 20 Septemba. Kwa hivyo siku moja, njia moja, mbio mbili kwa pamoja. Kwa Masya hii ilikuwa kama kufanyiwa mtihani kwenye darasa unalolifagia mwenyewe. Alijua daraja liko wapi, alijua upepo wa South Shields unaanza kupiga wapi, alijua ule mteremko mfupi mkali wa mwisho kabla ya barabara ya ufuoni unavyoweza kukuvuruga hatua.

Alimaliza kwa saa 1:00:24. Tukisema hivyo haraka haraka haisikiki kitu, kwa hivyo fanya hivi: nenda uwanjani, kimbia mita 100 kwa sekunde 17. Si mbaya, wengi tunaweza. Sasa usisimame, irudie mara 211. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya. Nyuma yake alikuja Antonio Silio wa Argentina, na wa tatu alikuwa Boay Akonay kutoka Tanzania. Kwa upande wa wanawake alishinda Liz McColgan wa Scotland. Kenya ilichukua pia dhahabu ya timu ya wanaume.

Bingwa wa kwanza wa dunia. Baada yake wakaja kina Vincent Rousseau wa Ubelgiji, Khalid Skah wa Morocco, Moses Tanui, Shem Kororia, Paul Tergat mara mbili. Majina makubwa yote hayo, na orodha yao inaanza na mtu wa Kitui aliyekuwa na miaka 22. Mwaka ule ule ambao sisi wa Makueni tulikuwa tunasherehekea kupewa wilaya yetu wenyewe, jirani yetu alipewa dunia.

Ajabu ni kwamba jina lake halimo kwenye timu ya Olimpiki ya Barcelona ya mwaka huo huo, wiki chache tu kabla ya Newcastle. Kenya ilipeleka marathoni akina Ibrahim Hussein, Douglas Wakiihuri na Boniface Merande. Huwezi kuulaumu uteuzi huo: Hussein alikuwa ametoka kushinda Boston, Wakiihuri alikuwa na fedha ya Seoul. Lakini Masya hakuwahi kukimbia Olimpiki, si 1992 wala 1996, na nadhani hapo ndipo sehemu kubwa ya kusahaulika kwake ilipoanzia. Kenya inakumbuka vitu viwili: dhahabu za Olimpiki na rekodi za dunia za marathoni. Mengine yote yaliyo katikati tunayaweka kwenye sanduku na kusahau ufunguo. Nusu marathoni iko katikati hata kwa jina.

Desemba 1992 akarudi Honolulu kutetea taji lake. Kisa cha mbio hizo nakipenda kuliko vyote. Kulikuwa na rafiki yake, kijana mwingine wa Ukambani, wa upande wa Machakos, aliyekuwa amekuja kufanya kazi ya kuvuta mbio: unakwenda mbele, unaweka kasi kwa ajili ya mwenzako, ukichoka unatoka pembeni, unalipwa, unaenda zako. Huyu hakutoka. Aliendelea mpaka kwenye utepe na akawa wa pili nyuma ya Masya kwa sekunde chache. Masya alipewa saa 2:14:19. Na yule wa pili alikuwa Cosmas Ndeti.

Unamjua Ndeti? Aprili 1993 alienda Boston akashinda, siku chache tu baada ya mwanawe kuzaliwa, na mtoto akapewa jina Gideon Boston. Akashinda tena 1994, kwa saa 2:07:15 iliyokuwa rekodi ya njia hiyo, akashinda tena 1995. Mara tatu mfululizo Boston. Kila ninaposoma juu ya Ndeti najiuliza kama angejua nguvu zake bila ya zile kilomita 42 za Honolulu, akimtazama Masya mgongoni na kugundua kwamba huyo mgongo haumwachi. Kwa miaka hiyo ya tisini mwanzoni, mtu akisema Wakamba wanatawala barabara hakuwa anajisifu, alikuwa anasoma matokeo.

Mwaka wa 1994 ndio ulikuwa mwaka wake mtamu zaidi kwa maoni yangu, hata kuliko ule wa ubingwa. Tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, alishinda Peachtree, kilomita 10 za Atlanta ambazo Wamarekani hujazana barabarani kuzitazama. Septemba akarudi Newcastle, akashinda mara ya tatu, na saa ikasimama kwenye 1:00:02. Sekunde mbili! Mwaka mmoja kabla, mjini Milan, Moses Tanui alikuwa amekuwa mtu wa kwanza kukimbia nusu marathoni chini ya saa moja, 59:47, na kila mkimbiaji duniani alikuwa anaota kuingia kwenye chumba hicho. Masya alifika mlangoni, akagusa kitasa. Sekunde mbili ni kufunga kamba ya kiatu. Ni kuangalia nyuma mara moja.

Halafu Desemba, Honolulu tena, ushindi wa tatu, saa 2:15:04. Ili ujue Honolulu haikuwa mbio za watalii peke yao: mshindi wa 1993 alikuwa Lee Bong-ju wa Korea Kusini, na wa 1995 alikuwa Josiah Thugwane wa Afrika Kusini. Nenda sasa kwenye marathoni ya Olimpiki ya Atlanta 1996. Dhahabu, Thugwane. Fedha, Lee, sekunde tatu nyuma. Masya alikuwa akipokezana taji na hao kama watu wanaopokezana jembe.

Septemba 1996 alishinda Great North Run mara ya nne, saa 1:01:43. Hakuna mwanaume aliyekuwa ameshinda mara nne. Na hakuna aliyefika hapo tena kwa miaka 21. Alipita Tergat, alipita Haile, zikaja zama za akina Martin Lel, Masya bado yuko juu peke yake. Ni mpaka 2017 ndipo Mo Farah alipomfikia, na 2018 akampita, kisha akafunga hesabu mwaka wa 2019 akiwa na sita. Siku hizo mbili za Farah, magazeti ya Uingereza yalilitaja jina la Masya tena. Kwetu sikuona kitu. Mtu alihitaji Mwingereza mzaliwa wa Somalia kuvunja rekodi yake ndipo akumbukwe, na akakumbukwa huko huko Uingereza.

Mwaka wa 1996 alikuwa na miaka 26. Tergat akiwa na umri huo alikuwa ndiyo anaanza kuiva. Kipchoge akiwa na umri huo alikuwa hata hajagusa marathoni. Lakini baada ya ule ushindi wa nne jina la Masya halionekani tena kileleni Newcastle wala Honolulu.

Watu hupenda kuuliza pesa zilienda wapi, na swali hilo huulizwa kwa sauti fulani ya kumhukumu marehemu. Mimi napenda kuanza na swali lingine: pesa zilikuwa zinakujaje? Enzi hizo shirikisho la dunia lilikuwa halijaanza kulipa washindi wa Mashindano ya Dunia. Magari ya Mercedes yalianza kutolewa Stuttgart 1993, na pesa taslimu zikaja 1997. Pesa ya mkimbiaji ilikuwa kwenye mbio za miji, na mbio za mji zinalipa hivi: ukishinda unapata, ukiwa wa ishirini unapata kidogo sana au hupati, ukiumwa goti hupati kabisa. Kutoka kwa kile ulichopata, meneja anachukua chake, serikali ya huko inakata kodi yake, tiketi ya ndege nayo ina mwenyewe. Unafika nyumbani na kile kilichobaki, na nyumbani hakuna anayejua hesabu hizo. Wanajua umetoka Marekani.

Linganisha na mchezaji wa mpira wa kikapu wa enzi hizo hizo. Manute Bol, yule Mdinka wa mita 2.31 kutoka Sudan Kusini, aliingia NBA mwaka wa 1985. Alikuwa na mkataba. Akiingia uwanjani dakika tano, mshahara. Akikaa kwenye benchi na kanzu ya mazoezi, mshahara. Kuna chama cha wachezaji kinachopigania pensheni yao. Bol naye pesa zake ziliisha, kwa sababu alimwaga nyingi kusaidia watu wake wa Sudan, naye akafariki 2010 akiwa na miaka 47. Lakini angalau kulikuwa na mfumo wa kumwagia. Mkimbiaji wa barabarani ni kama mtu wa bodaboda: siku asiyotoka hali. Tofauti ni kwamba bodaboda anaweza kuendesha mpaka afike miaka hamsini.

Na mkimbiaji hasemi hapana kwa urahisi, hasa kwetu. Ukijulikana una kitu, kila harambee ina jina lako, kila mtoto wa shangazi ana karo, kila anayeuza shamba anakuja kwako kwanza. Sidhani hilo ni jambo baya. Ndivyo tulivyoishi hata njaa zikatupita. Lakini mfumo wa kusaidiana uliotengenezwa kwa ajili ya mavuno ya mtama haujui la kufanya na hundi ya Honolulu inayokuja mara moja kwa mwaka na siku moja inaacha kuja bila ya kutoa taarifa.

Kile kizazi chake kiliondoka mapema, na hili halizungumzwi vya kutosha. Wangila, bingwa wa Seoul, alifariki Las Vegas mwaka wa 1994 baada ya pambano, akiwa na miaka 26. Richard Chelimo, aliyepata fedha ya mita 10,000 Barcelona, alifariki 2001 akiwa na miaka 29. Samson Kitur, shaba ya mita 400 ya Barcelona hiyo hiyo, alifariki Aprili 2003 akiwa na 37. Halafu Septemba ikawa zamu ya Masya.

Hebu tazama siku zile zilivyopangana. Tarehe 21 Septemba 2003, Jumapili, Great North Run inakimbiwa. Paula Radcliffe anashinda upande wa wanawake kwa 1:05:40 na Uingereza nzima inamzungumzia. Wanaume anashinda Hendrick Ramaala wa Afrika Kusini, saa 1:00:01, yaani sekunde moja tu mbele ya ule muda wa Masya wa 1994. Jumatano tarehe 24, Masya, mwenye mataji manne ya barabara hiyo hiyo, anafariki baada ya kuugua. Jumapili iliyofuata, tarehe 28, Paul Tergat anavunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin, saa 2:04:55, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo kwa wanaume, na Sammy Korir yuko nyuma yake kwa sekunde moja. Kenya nzima ikalipuka kwa furaha, na ilikuwa haki yake kufurahi. Kwenye gazeti la wiki kama hiyo, ukurasa wa michezo una nafasi ngapi?

Siku hizi barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo mpaka Kitui ni lami tupu, unavuka Athi kabla hujamaliza soda yako. Nimeipita mara kadhaa nikienda kumwona rafiki, na asubuhi na mapema huwa unakuta vijana wawili watatu wanakimbia pembezoni kabla ya jua kuchoma. Wana viatu vya mtumba. Safari moja nilimuuliza dereva kama anamjua Masya. Akaniuliza ni yule wa hoteli?

Desemba ya mwaka huo wa 2003, tarehe 14, fataki zilipasuka tena alfajiri mjini Honolulu, watu wakaelekea Diamond Head kama kawaida. Aliyefika wa kwanza kwenye bustani ya Kapiolani alikuwa Mkamba mwingine, Jimmy Muindi, aliyekuwa ameshinda 1999 na 2000. Ushindi huo ulikuwa wake wa tatu Honolulu, na siku hiyo akawa sawa na Masya. Baadaye alizifikisha sita.